UHURU WA KUKATAA BEI

Katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba mjini Mwanza hadi visiwa vya Kome, Ukerewe na Ukara, kila kukicha hufanyika mapatano ya biashara yasiyo na idadi. Mvuvi aliyekesha majini huleta sangara wake. Wakala wa kiwanda hupima, hutaja bei, na malipo hufanyika papo hapo au huandikwa daftarini. Hapana askari aliyesimama na bunduki, wala mnyapara mwenye kiboko. Muuzaji ameuza kwa ridhaa yake na mnunuzi amenunua kwa ridhaa yake. Mbele ya sheria, shauri limekwisha.

Mbele ya haki, shauri ndiyo kwanza linaanza. Sangara yule ataharibika kabla jua halijafika utosini, na barafu iliyopo mwaloni ni ya wakala. Nyavu zilizomvua, na pengine injini iliyomleta pwani, zilitolewa na wakala huyo huyo kwa mkopo, na sharti la mkopo ni kwamba samaki wote wauzwe kwake na si kwa mwingine. Mvuvi akikataa bei ya leo, hana wa kumpelekea samaki leo, na kesho hana nyavu. Swali la kujiuliza basi ni hili: mtu asiyeweza kusema hapana, je, amesema ndiyo kwa hiari?

Swali hilo si dogo, wala si la wavuvi peke yao. Ndilo kiini cha mabishano makubwa ya zama hizi juu ya soko, unyonyaji, na kile kinachoitwa kipato cha msingi, yaani fedha ambazo kila raia angepewa kwa vipindi maalumu bila kuulizwa ni tajiri au ni maskini, anafanya kazi au hafanyi. Mabishano hayo huendeshwa zaidi katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Lakini mahali pa kuyapima ni hapa, ambako bei si nadharia bali ni ugali wa jioni.

HOJA YA WENYE SOKO

Mwaka 1974 Robert Nozick, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kiitwacho Anarchy, State, and Utopia, ambacho tangu hapo kimekuwa nguzo ya wale wanaotetea uhuru kamili wa mtu binafsi mbele ya dola. Hoja yake ni nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Kila mtu anajimiliki mwenyewe. Alichokipata kwa njia halali ni chake, na anaweza kumpa au kumwuzia amtakaye. Ikiwa kila hatua ya mapatano ilikuwa ya hiari, basi matokeo yake ni ya haki, hata kama mwishowe mmoja ana ghala na mwenziwe ana kikapu. Kodi inayokata mapato ya kazi ya mtu ili apewe mwingine, Nozick aliifananisha na kazi ya shuruti.

Haitoshi kuiita hoja hii ya kibepari na kuipa kisogo. Wapo watumishi na walimu wengi wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, foleni za sukari na sabuni, vibali vya kila kitu, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, ambapo mwenye shehena ya magendo na mwenye katoni chache za sabuni walijikuta katika mkondo mmoja. Watu hao wanafahamu kwamba dola nayo inaweza kumbana mnyonge, na kwamba milango ya biashara ilipofunguliwa tangu mwaka 1986, wengi walipumua. Uhuru wa kuuza na kununua ni uhuru wa kweli. Anayeudharau hajawahi kunyimwa.

Kwa hiyo hoja ya kina Nozick haijibiwi kwa kuukataa uhuru. Hujibiwa kwa kuwauliza wautetezi wake kama wameutaka uhuru huo kwa wote, au kwa mwenye barafu tu.

MIZANI YA PAMBA NA MIZANI YA SAMAKI

Kanda ya Ziwa imelikabili swali hili tangu kabla ya Uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani ya wafanyabiashara walionunua pamba yao. Nao kwa sheria ya biashara walikuwa huru: hakuna aliyewalazimisha kubeba mzigo hadi kwa mnunuzi. Lakini mwenye mizani ndiye aliyesema uzito, na mwenye fedha ndiye aliyesema bei. Wakulima hawakungoja hisani. Chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani walijikusanya, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua hadi likawa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika.

Sehemu hiyo ya historia husimuliwa kwa fahari, na inastahili. Sehemu ya pili husimuliwa kwa sauti ya chini. Ushirika ulipokuwa mkubwa, watumishi wake nao wakawa wakubwa. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilikuta uzembe, upendeleo na wizi. Shirikisho likapangwa upya na kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na mamlaka za mazao zikanunua moja kwa moja vijijini. Mkulima akangoja malipo miezi kwa miezi. Sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia katika pamba. Ushindani ukaleta fedha taslimu; lakini utaratibu wa kukopeshwa mbegu na dawa ukavunjika, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumkopesha mkulima atakayemwuzia mwingine.

Funzo la miaka hiyo yote ni moja. Mkulima aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu alikuwa mnyonge, awe mnunuzi huyo ni mfanyabiashara mwenye duka, chama chenye jina lake mwenyewe, au mamlaka yenye nembo ya Taifa. Unyonyaji hauanzi na rangi ya mnunuzi wala na jina la mfumo. Huanza pale ambapo upande mmoja unaweza kungoja na upande wa pili hauwezi. Wahenga walikwisha sema kwamba mwenye njaa hana miiko. Wangeweza kuongeza kwamba hana bei pia.

Biashara ya sangara imelirudia funzo hilo majini. Ni kweli kwamba viwanda vya minofu vilivyojengwa Mwanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vimeleta ajira, fedha za kigeni na soko ambalo halikuwapo. Ni kweli pia kwamba wakala anayetoa nyavu kwa mkopo hubeba hatari: nyavu huibwa, mitumbwi huzama, wadaiwa huhamia mwalo mwingine usiku. Si kila wakala ni kupe. Lakini angalia jinsi hasara inavyogawanywa. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, kiwanda kilipunguza ununuzi, wakala akapunguza bei, mwenye mtumbwi akapunguza mgawo, na kibarua wa mtumbwini, ambaye hulipwa kwa fungu la mavuno baada ya gharama za mafuta na chakula kukatwa, akabaki na usiku aliokesha. Faida ilipopanda ilisimama njiani mara nyingi. Hasara iliteremka bila kusimama.

Chini ya kibarua huyo yuko mwanamke mchuuzi. Katika mialo mingi ya ziwa, ya Tanzania, ya Uganda na ya Kenya, imeelezwa kwa miaka mingi kwamba mwanamke asiye na mtaji wa kutosha hutakiwa kutoa mwili wake ndipo auziwe samaki. Upande wa Kenya desturi hiyo ina jina lake, jaboya, na kila afisa wa afya wa mwambao anajua kilichofuata katika takwimu za ukimwi. Je, hayo nayo ni mapatano ya hiari? Kwa kipimo cha kutokuwapo bunduki, ndiyo. Kipimo kinachotoa jibu hilo kina kasoro.

DIMBWI LA JANGWANI

La kushangaza ni kwamba Nozick mwenyewe aliiona kasoro hiyo. Akimfuata Mwingereza John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba mtu anaweza kukifanya kitu cha asili kuwa chake iwapo amewaachia wengine cha kutosha na chenye ubora ule ule, Nozick alikiri kwamba umiliki una mpaka. Alitoa mfano wa dimbwi pekee la maji jangwani: hana haki mtu kulimiliki dimbwi hilo kisha akatoza bei aitakayo. Akikuta wenzake wamekuwa katika hali mbaya kuliko ambavyo wangekuwa kama dimbwi lingebaki la wote, anawiwa fidia.

Sharti hilo likiletwa mwambaoni, linageuka shitaka. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Mamia ya aina za furu waliokuwa kitoweo cha kila nyumba walipungua, na nyingi hazikuonekana tena. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, lakini si kila mwenyeji aliyepona. Furu alivuliwa kwa mtumbwi mdogo na nyavu nyepesi ambazo mtu aliweza kuzisuka nyumbani. Sangara anataka nyavu nzito, injini, mafuta na barafu, yaani anataka mtaji. Hakuna mzee wa Ukara wala mama wa Magu aliyeulizwa kama angependa ziwa lake libadilishwe hivyo. Minofu ilianza kusafiri kwa ndege kwenda Ulaya. Mabondo yakapata bei ya juu Mashariki ya Mbali. Na mitaani Mwanza wenye kipato kidogo wakanunua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani baada ya minofu kuondolewa.

Hapo hata mfuasi wa Nozick, akiwa mwaminifu kwa mwalimu wake, lazima akiri kuna deni. Ziwa halina hati ya mtu. Waliopata kulitumia kwa mtaji mkubwa wamelitumia kihalali. Lakini waliopoteza furu, na nafasi ya kuvua bila kukopa, hawakupewa kitu badala yake. Deni la namna hiyo si sadaka. Mwaka 1797 Thomas Paine aliandika kwamba ardhi katika asili yake ilikuwa ya wote, na kwamba kila anayeimiliki anawiwa kodi na jamii. Kutokana na mfuko wa kodi hiyo alitaka kila kijana atimizapo miaka 21 alipwe paundi 15, na kila aliyefikia miaka 50 alipwe paundi 10 kwa mwaka. Jimbo la Alaska huko Marekani, ambalo wakazi wake si wajamaa, lilianzisha mfuko wa mafuta mwaka 1976, na tangu mwaka 1982 limekuwa likimgawia kila mkazi, mtoto kwa mkubwa, fungu lake la mwaka. Hakuna mkazi wa Alaska anayejiona ombaomba anapopokea fungu hilo. Amepokea chake.

FEDHA MKONONI, NA MTEGO WAKE

Wakuu wengine wa soko huria walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Friedrich Hayek, katika kitabu chake cha mwaka 1944 na tena katika maandishi yake ya miaka ya 1970, alikubali kwamba jamii yenye uwezo inaweza kumhakikishia kila mtu kima cha chini cha maisha. Milton Friedman mwaka 1962 alipendekeza kwamba mtu mwenye mapato yaliyo chini ya kiwango fulani asitozwe kodi, bali Serikali imlipe yeye. Wote wawili waliona jambo ambalo wafuasi wao wengi hulisahau, kwamba soko haliwezi kuitwa huru ikiwa anayeingia ndani yake anaingia akiwa na njaa.

Mtumishi wa Serikali na mwalimu wanalielewa jambo hilo kuliko wengi, hata kama hawajalitamka. Mwalimu wa Sengerema anayefuga kuku haoni haya kukataa bei ya mchuuzi. Atasubiri. Mwisho wa mwezi mshahara utaingia, uwe mdogo namna gani. Jirani yake mwenye kuku wa aina ile ile, ambaye mtoto wake ana homa usiku huu, atauza kwa bei atakayopewa. Kuku ni wale wale, mchuuzi ni yule yule. Tofauti ni kwamba mmoja ana pa kuegemea. Kipato cha msingi, kikiondolewa maneno makubwa, ni rai ya kwamba kila mtu awe na pa kuegemea.

Lakini hapo pana mtego, na ni vema uonekane mapema. Friedman aliitaka fedha hiyo ichukue nafasi ya misaada mingine ya Serikali, na mwaka 2006 Mmarekani mwenziwe, Charles Murray, alipendekeza waziwazi kwamba kila mtu mzima alipwe fedha na mipango yote mingine ya ustawi ifutwe. Rai hiyo ikivushwa hadi Ukerewe, maana yake ni kumkabidhi mama mjamzito noti chache na kumwambia akanunue mkunga, kivuko na shule. Kisiwani hakuna duka la vitu hivyo. Zahanati hujengwa na wote au haijengwi. Fedha mkononi inaongeza uhuru pale tu ambapo zahanati, shule na barabara vinabaki mahali pake.

YALIYOKWISHA JARIBIWA

Afrika Mashariki haina haja ya kubahatisha. Tanzania, kwa njia ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ilianza mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini, uliofikia kaya zaidi ya milioni moja. Fedha zilitolewa kwa kaya zilizotambuliwa kuwa maskini, na sehemu yake kwa masharti: watoto wahudhurie shule na wadogo wapelekwe kliniki. Mpango huo ulifanya mengi mema. Lakini kila mwalimu mkuu aliyejaza fomu za mahudhurio, na kila mtendaji wa kijiji aliyeulizwa kwa nini jina la fulani limo na la fulani halimo, anajua uzito wa kuchagua nani ni maskini katika kijiji ambacho karibu wote ni maskini.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 alianza kulipwa Shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina ya Serikali, awe alikuwa karani, mkulima wa karafuu au mvuvi wa Nungwi. Kiwango hicho baadaye kiliongezwa. Hapakuwa na fomu ya kuthibitisha umaskini. Umri ulitosha, na aibu ikaondoka.

Jaribio kubwa zaidi limefanyika kwenye mwambao wa ziwa hili hili, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, pamoja na Kaunti ya Bomet. Shirika la GiveDirectly liligawa vijiji 295 katika mafungu: 44 viliahidiwa kipato cha kila mwezi kwa miaka 12, 80 kwa miaka miwili, 71 vilipewa fedha zote kwa mkupuo, na 100 havikupewa kitu ili vilinganishwe. Kima chake kilikuwa kama robo tatu ya dola ya Marekani kwa siku kwa kila mtu mzima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba watu waliacha kazi. Yalionyesha kwamba wengi walihama kutoka vibarua vya watu kwenda katika shughuli zao wenyewe, na kwamba walioahidiwa miaka 12 waliunganisha fedha zao katika vikundi vya kupokezana ili kila mmoja kwa zamu apate mtaji. Kabla ya hapo, utafiti mwingine uliofanyika Siaya katika vijiji 653 ulikuta kwamba fedha zilizogawiwa kaya maskini zilichochea biashara hata ya wasiopewa, na bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni hilo la kuhama. Mtu anayeacha kibarua cha bei duni kwa sababu sasa anaweza kuishi bila hicho kibarua ametumia uhuru ule ule ambao Nozick aliusifu. Tofauti ni kwamba safari hii uhuru huo umemfikia.

ASIYEFANYA KAZI NA ASILE?

Pingamizi zito zaidi halitoki Harvard bali hapa nyumbani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake, na kwamba anayeishi kwa jasho la mwingine ni mnyonyaji. Je, kijana mwenye nguvu anayepokea fedha bila kazi si kupe mpya? Ni swali la haki, na mwalimu aliyewafundisha watoto kulima bustani ya shule ana haki ya kuliuliza.

Majibu yake ni mawili. La kwanza limo ndani ya Azimio lenyewe. Pamoja na watoto, wazee na walemavu, Azimio liliwataja pia wale ambao Taifa kwa wakati fulani haliwezi kuwapatia nafasi ya kufanya kazi, likawapa haki ya kutunzwa na wenzao. Mwambaoni watu hao si wachache. La pili ni kwamba si kila mapato ni jasho la mtu. Thamani ya sangara imetokana na kazi ya mvuvi na mtaji wa kiwanda. Lakini imetokana pia na ziwa, ambalo hakuna aliyelifanya. Anayegawiwa sehemu ya thamani ya ziwa hanyonyi jasho la yeyote. Mnyonyaji ni yule anayeichukua sehemu hiyo yote peke yake, kisha akaiita jasho lake.

Kutokana na hayo inawezekana kuanza bila makuu. Samaki wanaosafirishwa nje hutozwa mrabaha, na halmashauri hukusanya ushuru mialoni. Sehemu maalumu ya mapato hayo, ikitangazwa wazi kila mwaka, ingeweza kutengwa na kurudishwa kwa wakazi wa mwambao kama fungu lao la ziwa, kwanza kwa wazee kama ilivyofanyika Zanzibar, kisha kwa wengine kadiri uwezo unavyoruhusu. Kiasi kingekuwa kidogo. Lakini kidogo kinachokuja kwa hakika humpa mtu nguvu ya kungoja, na kungoja ndiko kunakoleta bei.

Hata hivyo ingekuwa ni kuwadanganya wananchi kudai kwamba fedha peke yake itamaliza unyonyaji. Samaki aina mbili watolewe mfano. Dagaa akianikwa vizuri juu ya chanja, badala ya mchangani ambako mvua moja humharibu, huweza kuhifadhiwa. Mama mwenye dagaa wakavu na akiba kidogo nyumbani anaweza kumwambia mnunuzi arudi kesho. Sangara hangoji. Mvuvi wa sangara hata akiwa na akiba ya mwezi mzima, bila barafu yake mwenyewe atauza leo kwa bei ya leo. Kwake yeye mtambo wa barafu unaomilikiwa na chama cha wavuvi, na mizani inayokaguliwa na mtu asiyelipwa na mnunuzi, ni sehemu ya uhuru sawasawa na fedha. Wakulima wa miaka ya 1950 walilijua hilo: hawakuomba posho, walitaka mizani.

Yaliyotokea katika mwalo wa Nduru, upande wa Kisumu, yanafundisha kadhalika. Mwaka 2011 wanawake wa pale, kwa msaada wa nje, walipata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na wakaweza kukataa masharti ya jaboya. Kwa muda walishika usukani. Lakini mitumbwi ikachakaa, fedha za kuitengeneza zikawa haba, na mafuriko ya mwaka 2020 yakawaondoa wengi katika makazi yao. Chombo bila kipato cha kukitunza huoza. Kipato bila chombo huliwa. Mnyonge anavihitaji vyote viwili, na juu yake anahitaji chama ambacho viongozi wake wanaweza kuulizwa hesabu na kuondolewa.

Watetezi wa soko huria wamesema kweli waliposema kwamba hakuna haki pasipo ridhaa. Wamebakiza nusu ya kweli hiyo. Ridhaa haina maana kwa mtu ambaye hana njia ya kuinyima, na jamii inayojivunia uhuru wa biashara ina wajibu wa kuhakikisha kwamba aliye chini kabisa mwaloni, kibarua wa mtumbwi na mama mwenye beseni, anaweza siku moja kusikia bei, akatikisa kichwa, akaondoka, na watoto wake wakala usiku huo.